UZI: Priampu ya valvu ya gitaa, chaneli ya pili inatoa sauti ndogo ilhali volti zote zinaonekana sawa

Gitaa la Makole (mleta uzi)

Habari za jioni wakuu. Nipo Dodoma mjini, maeneo ya Makole, na ninapiga gitaa la solo katika kwaya. Miaka miwili iliyopita mzee mmoja aliyestaafu muziki wa dansi alinikabidhi priampu yake ya valvu, yaani kikuza sauti cha awali kinachotumia chupa za kioo, na tangu siku hiyo nimeitunza kama alivyoitunza yeye. Ina valvu 3 aina ya ECC83, zile ambazo kwenye vifaa vya Marekani huandikwa 12AX7, na ina chaneli mbili: ya kwanza ni ya sauti safi na ya pili ni ya sauti kali, ambayo ndiyo ninayoitumia wakati wa solo.

Mwezi uliopita niliipeleka kwa fundi kwa sababu volyumu ilikuwa ikikwaruza. Ilirudi bila mkwaruzo, lakini chaneli ya pili imekuwa dhaifu mno. Nikiifungua hadi mwisho, sauti yake inalingana na chaneli ya kwanza iliyofunguliwa robo tu, na ukali wake wa zamani umepotea. Jumapili iliyopita tarumbeta mbili zilinifunika kabisa, hata waimbaji wa safu ya nyuma wakadhani sikupiga. Nimeshanunua valvu moja mpya iliyoagizwa kupitia Dar es Salaam, nikaiweka katika soketi ya kwanza, na hakuna kilichobadilika. Fedha za kununua valvu nyingine sina kwa sasa.

Ninayo mita ndogo ya njano, kichomeo cha risasi na subira. Naombeni mniongoze hatua kwa hatua.

Fundi wa Majengo

Pole sana, ndugu yangu. Kwanza acha kununua vitu. Priampu yenye chaneli mbili ina faida kubwa kwa mtafuta hitilafu, maana chaneli nzima ni shahidi wa chaneli mbovu. Kila kitu ambacho chaneli zote mbili zinakitumia kwa pamoja kimeshajisafisha chenyewe, na kinachobaki ni kile kinachotumiwa na chaneli ya pili peke yake. Kwa hiyo tuambie ishara inapita wapi: valvu ipi inapokea gitaa, njia zinagawanyika wapi na zinakutana tena wapi. Kama una mchoro wa saketi, usome kwa kidole kuanzia kwenye jeki.

Kuhusu valvu, kila ECC83 ni trioda mbili, yaani vikuzaji viwili, ndani ya chupa moja, na nusu moja inaweza kuchoka wakati nyingine bado ina nguvu. Huhitaji mpya ili kulijua hilo. Zima, subiri zipoe, kisha badilishana nafasi kati ya valvu ya chaneli ya pili na nyingine ya aina hiyohiyo. Ugonjwa ukihama, valvu ndiyo mgonjwa. Ukibaki palepale, valvu haina kosa. Soma pia maandishi ya kila chupa. ECC83 ina kipimo cha ukuzaji cha 100, 12AT7 ina 60, na 12AU7 haifiki hata 20. Zote zinaingia katika soketi ileile na zote zinawaka vizuri, kwa hiyo mtu akikuwekea 12AU7 kwa kutojua, sauti itashuka na wewe utalaumu kitu kingine.

Sasa jambo ambalo nakuomba usilisome haraka. Ndani ya chasisi hiyo kuna volti zinazokaribia 300 za mkondo mnyoofu (DC), na kapasita kubwa za kuchuja, yaani vihifadhi chaji, zinazihifadhi hata baada ya kuchomoa waya ukutani. Tafuta rizista (kipingamizi cha umeme) ya kilo-ohm 22 ya wati 5, uifunge vizuri kwenye waya wenye maganda mazima, unganisha kati ya chanya ya kapasita na chasisi kwa sekunde 10, kisha hakikisha kwa mita kwamba zimebaki volti chache tu. Unapopima ikiwa imewashwa, banisha ncha nyeusi kwenye chasisi na utumie mkono mmoja tu. Mwingine uwe mgongoni. Nimewahi kutupwa na redio ya zamani ya valvu nikiwa mwanafunzi wa ufundi, na bega liliniuma siku tatu.

Besi ya Kwaya

Mkuu, angalia jeki za kupeleka sauti kwenye efekti (vifaa vya nje vya kubadili sauti) na kuirudisha. Zile jeki zina ulimi wa ndani unaoziunganisha wakati hujachomeka kitu, na kwa vumbi hili la Dodoma ulimi huo hupata kutu nyembamba hadi sauti ikawa inapita kwa shida. Chomeka waya mfupi kutoka jeki moja hadi nyingine. Sauti ikirudi, safisha jeki.

Gitaa la Makole

Shikamoo fundi, na asante ndugu wa besi. Nimefuatilia mchoro usiku kucha na hali ni hii. Gitaa linaingia nusu ya kwanza ya valvu ya kwanza (V1; nyingine ni V2 na V3), na hatua hiyo ya ukuzaji ni ya chaneli zote. Baada ya hapo relei, yaani swichi inayoendeshwa na umeme, inagawa njia. Sauti safi inapita vidhibiti vya toni, kisha nusu ya pili ya V1. Sauti kali inapita potenshiometa ya gaini (kile cha kuzungusha kinachoweka kiasi cha ukuzaji), kisha nusu zote mbili za V2, kisha toni zake na volyumu yake. Njia zinakutana tena kwenye relei ya pili na kuingia V3, ambayo ndiyo inayoendesha jeki za efekti.

Nimejaribu waya mfupi kwenye efekti na hakuna tofauti, jambo ambalo naona linaeleweka, kwa kuwa chaneli zote zinapita pale na moja ni nzima. Nimebadilishana V2 na V3: sauti safi imebaki nzima, sauti kali imebaki dhaifu. Maandishi ya chupa zote tatu ni ECC83.

Nilipofungua bati la chini nilikuta vumbi jekundu, laini kama unga wa uwele, limelala juu ya kila kitu. Nimelitoa kwa brashi ya rangi iliyo kavu. Sikupuliza kwa mdomo.

Mkulima wa Kongwa

Na umeme je? Huku kwetu jioni unashuka hadi taa zinakuwa za njano. Hita za valvu zikikosa volti, valvu inakosa nguvu.

Gitaa la Makole

Nimepima hita: volti 6.1, katika soketi zote tatu.

Fundi wa Majengo

Hiyo ni salama. Kawaida ni 6.3, na upungufu wa asilimia 10 unavumilika. Ndugu wa Kongwa ana hoja, kwa sababu ukutani pakishuka kutoka volti 230 hadi 190, hita nazo zinashuka hadi kama 5.2, ila hapo chaneli zote mbili zingedhoofika pamoja.

Umefika mahali pazuri. Eneo la msiba sasa ni V2 na vitu vinavyoizunguka, labda na relei. Pima volti za V2. Ukitazama soketi kwa chini, hesabu kuanzia kwenye pengo kwa mwelekeo wa mshale wa saa: pini 1 na 6 ni anodi (ishara iliyokuzwa inatokea hapo), 2 na 7 ni gridi (ishara inaingilia hapo), 3 na 8 ni kathodi (mkondo unatokea hapo kwenda chasisi), na 4, 5, 9 ni za hita. Tuletee pia volti ya chanzo, yaani upande wa juu wa zile rizista za kilo-ohm 100 zinazolisha anodi.

Gitaa la Makole

Chanzo ni volti 281. Pini 6, ambayo kwa mchoro ndiyo hatua ya kwanza ya V2, ina 161, na kathodi yake ina 1.63. Pini 1, hatua ya pili, ina 167, na kathodi yake ina 1.54. Gridi zote zinasoma sifuri. Rizista za kathodi kwenye mchoro ni kilo-ohm 1.5 kila moja. Mchoro unaandika anodi ziwe kati ya 165 na 185, kwa hiyo sijui kama 161 ni tatizo.

Mwalimu wa Fizikia, Chamwino

Naomba niingie hapa, kwa kuwa tarakimu hizi zina somo zuri. Mkondo unaopita kwenye anodi ndio huohuo unaotoka kwenye kathodi, kwa hiyo pande mbili lazima zikubaliane. Upande wa anodi: 281 kutoa 161 ni volti 120, gawanya kwa kilo-ohm 100 unapata miliampu 1.2. Upande wa kathodi: 1.63 gawanya kwa kilo-ohm 1.5 ni miliampu 1.09. Hazilingani, na sababu siyo priampu bali mita. Hizi mita ndogo za njano nyingi zina ukinzani wa ndani wa megaohm 1 tu, na ukiigusisha kwenye anodi, mita yenyewe inanyonya mkondo kidogo na kuishusha volti unayotaka kuisoma. Amini kathodi, maana pale ukinzani ni mdogo na mita haiwezi kupasumbua. Kwa miliampu 1.09 anodi ya kweli iko karibu na volti 172, na ya pili karibu na 178. Zote mbili ni nzima kabisa.

Kwa maana hiyo, katika mkondo mnyoofu, V2 inafanya kazi yake sawasawa. Hitilafu iko mahali ambapo mkondo mnyoofu hauoni, yaani kwenye njia ya mawimbi.

Fundi wa Majengo

Mwalimu amesema vema. Hapo mshukiwa wangu wa kwanza ni kapasita inayokaa sambamba na rizista ya kathodi, kwa kawaida mikrofaradi 22 ya volti 25. Kazi yake ni kuwapa mawimbi njia rahisi ya kwenda chini ili kathodi itulie. Ikikauka, kathodi inaanza kucheza pamoja na gridi, na ukuzaji wa hatua hiyo unashuka kutoka kama mara 55 hadi kama mara 30, lakini volti za mita hazibadiliki hata kidogo. Kwa joto la miaka mingi karibu na chupa za valvu, kukauka ni jambo la kawaida. Usiing'oe kwanza. Zima, ondoa chaji, bandika kapasita nzima juu ya ile ya zamani, chanya ikielekea kathodi, washa usikilize.

Gitaa la Makole

Nimepata kapasita mbili za mikrofaradi 22 kwenye bodi ya redio iliyokufa. Hatua ya kwanza ya V2 haikubadilika. Hatua ya pili ilibadilika, sauti ikapanda kidogo na kunenepa. Nimeibadilisha kabisa ile ya zamani. Kitako chake kilikuwa kimevimba kidogo na pembeni ya mguu kulikuwa na doa la kahawia. Nashukuru mno. Lakini wakuu, sauti bado haijarudi ilivyokuwa. Mzee aliponikabidhi, chaneli hii ilikuwa inaipita ile safi bila kufunguliwa hata nusu.

Mpiga Rizimu

Mkuu, ungeweka pedali ya kuongeza nguvu mbele tu mambo yaishe. Au punguza rizista ya kathodi upate gaini zaidi.

Fundi wa Majengo

Hapana, naomba tusifike huko. Priampu hii ilifanya kazi miaka yote bila pedali na bila kubadilishwa thamani zake. Ukiongeza nguvu mbele, hatua ya kwanza itaanza kukwaruza kabla ya sauti kufika mahali inapopotelea, na ukibadilisha rizista sasa utakuwa na hitilafu mbili: ile usiyoijua, na ile uliyoitengeneza mwenyewe.

Mleta uzi ametuambia jambo moja tukalipita. Udhaifu ulianza baada ya kutoka kwa fundi, wala haukuja polepole. Kapasita kukauka huchukua miaka. Kwa hiyo kapasita ilikuwa hitilafu ya kweli, lakini haikuwa hii tunayoitafuta, na mimi nilipaswa kulisema hilo tangu mwanzo. Tuifuate ishara yenyewe.

Mwalimu wa Fizikia, Chamwino

Kwa kazi hiyo mita ya njano haitakusaidia, kwa sababu upande wa mkondo geu (AC) inaanzia kwenye kipimo cha volti 200, wakati sisi tunatafuta sehemu ndogo za volti. Nina mita nzuri ya maabara yangu mwenyewe yenye ukinzani wa megaohm 10. Jumamosi nakuja mjini, nitakuachia kwa wiki moja. Tumia programu ya simu inayotoa sauti ya mfululizo, uiweke kwenye hezi 400, kwa kuwa mita nyingi hupoteza usahihi masafa yanapopanda. Punguza hadi upate volti 0.02 kwenye jeki ya gitaa. Kisha unganisha kapasita ya nanofaradi 100 yenye kuvumilia volti 630 kwenye ncha nyekundu, ili volti kubwa ya mkondo mnyoofu isiingie kwenye mita, na upime kila kituo: anodi, baada ya kapasita ya kuunganisha (ile inayopeleka ishara hatua inayofuata), gridi inayofuata, anodi inayofuata.

Gitaa la Makole

Nimerudi wakuu, na naandika nikiwa na furaha ambayo siwezi kuificha. Mwalimu alinikuta stendi, akanipa mita na kapasita yake, na hataki hata nauli.

Nimepima kama alivyoelekeza. Jeki ya gitaa volti 0.020. Anodi ya V1 ilitoa 1.1, yaani imekuza mara 55. Gaini niliishusha hadi gridi ya V2 ikapata tena 0.020, na anodi yake, ile pini 6, ikatoa 1.1. Mpaka hapo kila kitu ni kama fundi alivyosema. Baada ya kapasita ya kuunganisha, bado 1.1. Nikahamia gridi ya hatua ya pili, pini 2: volti 0.098. Nilidhani ncha imeteleza. Nikapima tena, 0.098. Anodi yake ilitoa 5.3, kwa hiyo hatua yenyewe inakuza mara 54, haina ugonjwa wowote. Sauti inapotea kati ya kapasita na gridi, kwenye nafasi isiyozidi sentimita tatu.

Mchoro unaonyesha hapo kuna rizista mbili tu: moja ya kilo-ohm 470 kutoka kwenye kapasita kwenda gridi, na nyingine ya kilo-ohm 470 kutoka gridi kwenda chasisi. Kwa mujibu wa mchoro zinapaswa kugawa ishara nusu kwa nusu, yaani nipate 0.55.

Nilizima, nikaondoa chaji, nikawasha tochi ya simu. Rizista ya kwanza ina mistari ya njano, zambarau, njano. Ya pili, kwa macho ya haraka, ni njano, zambarau, njano pia. Lakini nilipoisafisha kwa pamba yenye spiriti, mstari wa tatu ulikuwa na wekundu ndani yake. Niliuweka karibu na wa jirani yake na nikaona wazi kwamba haukuwa wa njano. Ni rangi ya chungwa. Risasi ya miguu yake inang'aa, wakati ya rizista nyingine zote imefifia kwa umri. Nikainyanyua mguu mmoja na kuipima: kilo-ohm 46.8.

Mwalimu wa Fizikia, Chamwino

Basi hesabu inafunga. 47 gawanya kwa jumla ya 517 ni 0.091. Zidisha kwa 1.1, unapata 0.1, na wewe umesoma 0.098. Inayotakiwa ni nusu. Chaneli yako imekuwa ikipata chini ya sehemu moja ya tano ya ishara iliyostahili, ambayo ni upungufu wa karibu desibeli 15. Sasa unaona kwa nini gridi ilisoma sifuri na anodi ikasoma sawa: kwa mkondo mnyoofu, gridi ya valvu hii karibu hainyonyi chochote, kwa hiyo iwe kilo-ohm 47 au 470, sifuri inabaki sifuri.

Fundi wa Majengo

Nimefurahi sana. Fundi aliyeitengeneza huenda alivunja mguu wa rizista alipokuwa akitoa potenshiometa, akachukua nyingine kwenye kopo chini ya taa ya njano, na chini ya taa ya njano rangi ya chungwa na ya njano hufanana kabisa. Hata mimi siku hizi siweki rizista yoyote bila kuipima kwanza, hata ikiwa imetoka kwenye pakiti mpya. Tafuta ya kilo-ohm 470 ya nusu wati. Na kwa kuwa umeona risasi inayong'aa mahali pamoja, zungusha tochi chasisi nzima uone kama kuna mahali pengine panapong'aa.

Gitaa la Makole

Rizista nimeipata mjini kwa muuza vipuri vya redio, nikaipima pale dukani: kilo-ohm 468. Nimeichomelea jana. Gridi ya pini 2 sasa ina 0.54, na anodi ina volti 29 mahali palipokuwa na 5.3. Risasi mpya nyingine niliyoikuta ni kwenye miguu ya potenshiometa zilizosafishwa, na thamani zake ziko sahihi.

Leo jioni tulikuwa na mazoezi. Nilifungua volyumu ya chaneli ya pili chini ya nusu, na mpiga tarumbeta akageuka kunitazama. Nimempigia simu mzee aliyenikabidhi, nikamsogezea simu kwenye spika. Alisikiliza bila kusema kitu, kisha akaniomba nirudie ile sehemu ya mwisho.

Volti zote tulizopima hapa, za mkondo mnyoofu na za hezi 400, nimeziandika kwa kalamu kwenye karatasi na kuibandika ndani ya bati la chini. Mwalimu, mita yako nakuletea Chamwino Jumamosi.